Picha elfu tatu za Jumamosi moja: kisa cha studio ndogo ya Busia

Studio yenyewe iko upande wa Uganda wa mji wa Busia, mwendo mfupi kutoka mpaka wa Kenya. Ni ya watu wawili: fundi mwenyewe, na binti wa kaka yake aliyejifunza kamera hapo hapo dukani baada ya kumaliza shule. Wanapiga harusi, kwanjula (sherehe ya kumtambulisha bwana harusi kwa familia ya bibi harusi), mahafali, mazishi yakitokea, na siku za kawaida picha za pasipoti. Kazi inafanyika kwa Kiswahili, maana wateja ni Wasamia, Waiteso, Wasoga, Waganda na watu wa upande wa pili, na hiyo ndiyo lugha ya soko.

Tatizo lililetwa kwangu kama tatizo la kompyuta. Fundi alisema laptopu imechoka, inakwama, na alikuwa ameshachukua fomu ya mkopo kwenye SACCO ili anunue mpya. Harusi nne zilikuwa zimelala kwenye diski bila kukabidhiwa, ya zamani zaidi ikiwa na miezi miwili. Shangazi wa bibi harusi mmoja alikuwa akipita dukani kila siku ya soko. "Kaka," alimwambia fundi mbele yangu, "huyu mtoto atajifungua kabla hatujaiona albamu." Fundi akajibu, "Mama, nipe wiki moja tu." Wiki hiyo alikuwa ameshaiomba zamani, na ameshapewa.

Niseme mapema nilichokiona. Laptopu ilikuwa na makosa yake, lakini haikuwa yenyewe iliyozishikilia harusi nne. Zilishikiliwa na mpangilio wa kazi: kila picha ilikuwa inaamuliwa mara tatu au nne, na uamuzi wa kama inabaki au inatoka ulikuja baada ya kuhaririwa. Kompyuta mpya ingemwezesha kufanya kosa lile lile kwa kasi zaidi.

Hali ilivyokuwa

Fundi anatumia kamera ya Nikon D750, msaidizi Canon EOS 6D Mark II ya mkono wa pili. Zote mbili zinapiga picha ghafi, yaani faili linalobeba alichokiona kihisi kabla kamera haijaamua rangi, ukali wala utofauti wa mwanga. Nikon hulipatia faili hilo mwishilio wa NEF, Canon hiyo CR2. Faida ya kupiga ghafi si maneno ya matangazo. Kwa biti 14, kila rangi ina ngazi 16,384 za mwanga. JPEG ya biti 8 ina ngazi 256. Uso mweusi uliosimama kivulini karibu na gauni jeupe juani unaweza kuokolewa kwenye faili ghafi, na kwenye JPEG ukiinuliwa hugeuka rangi ya majivu. Gharama yake ni uzito. Kwa kamera hizi, faili moja lina takriban megabaiti 30, na harusi ya Jumamosi moja kwa kamera mbili ilikuwa inatoa picha zaidi ya 3,000. Hiyo ni kama gigabaiti 90 kabla hujagusa kitu.

Laptopu ilikuwa na RAM ya gigabaiti 8, diski ya kuzunguka, betri iliyokufa, na Lightroom Classic, programu ya kupanga na kuhariri picha, ndani yake. Umeme ukikatika, inazimika papo hapo.

Utaratibu wenyewe ulikwenda hivi. Jumapili jioni kadi zinachomekwa kwenye kisomaji cha USB 2.0. Mafaili yanakwenda moja kwa moja kwenye diski ya nje, ndani ya folda iliyoitwa "Harusi mpya". Kulikuwa pia na "Harusi mpya 2" na "Harusi mpya 2 ya mwisho kabisa". Majina ya mafaili yanabaki kama kamera ilivyoyatoa, na kwa kuwa Nikon ikifika 9999 hurudi 0001, majina yalishaanza kugongana. Kisha Lightroom inaambiwa itengeneze picha za kutazamia za ukubwa kamili kwa mafaili yote usiku kucha. Umeme ukikatika saa saba usiku, asubuhi kazi inaanza upya.

Jumatatu fundi anafungua picha ya kwanza. Anaona iko giza, anaongeza mwangaza. Anaona imepinda kidogo, anainyoosha. Anasafisha chunusi. Anakwenda ya pili na kukuta ni tukio lile lile, sekunde moja baadaye, na bibi harusi anatabasamu vizuri zaidi. Anaifuta ya kwanza, ile ambayo ameshaifanyia kazi, na kuanza ya pili. Ya tatu ni bora zaidi. Anayechambua mchele haweki sufuria mekoni kwa kila punje, lakini ndivyo siku ilivyokuwa inapita hapo dukani.

Saa zilikokuwa zinaenda

Tuliweka daftari kando ya kibodi. Kila walipobadilisha kazi, msaidizi aliandika saa. Tulifuata harusi moja tu, kutoka kwenye kadi hadi kwenye flashi ya mteja, na nyingine tukaziacha kwanza.

Kunakili kulikuwa kugumu kuliko walivyodhani. USB 2.0 ina kasi ya megabiti 480 kwa sekunde kwenye karatasi, ambayo ni megabaiti 60, lakini kwenye maisha ya kweli hupata kama 30. Gigabaiti 90 kwa kasi hiyo ni karibu dakika 50, na zilikuwa zinarudiwa kwa sababu msaidizi hakuwa na uhakika kama kadi ya kwanza ilishaingia au la.

Kungoja kulikuwa kubaya zaidi. Kila walipobonyeza kwenda picha inayofuata, laptopu ilichukua kama sekunde mbili kuitoa ikiwa safi. Sekunde mbili hakuna anayezihesabu. Zizidishe kwa picha 3,000: ni sekunde 6,000, saa moja na dakika arobaini za kutazama kioo kikiwa na ukungu, kwa kila mzunguko mmoja. Na fundi alikuwa anazunguka mara tatu.

Lakini hesabu iliyomnyamazisha fundi ilikuwa nyingine. Tulihesabu picha alizozigusa kwenye chumba cha kuhariri cha Lightroom, kisha tukahesabu zilizofika kwa mteja. Zaidi ya nusu ya alizozihariri hazikwenda popote. Alikaa kimya, akamwita msaidizi: "Njoo uone nilivyokuwa nakupotezea umeme." Msaidizi akacheka, "Bosi, mimi nilijua, niliogopa kusema."

Kwenye kamera kwanza

Nilitaka tuanze na kompyuta, maana ndiyo niliyoitiwa, ila daftari lilionyesha kuwa kazi nyingi ya Jumatatu ilikuwa imetengenezwa Jumamosi.

Saa ya Canon ilikuwa mbele ya saa ya Nikon kwa dakika kadhaa. Ukipanga picha zote kwa wakati, pete inaingia kidoleni kwenye kamera moja kabla padri hajaibariki kwenye nyingine. Lightroom inaweza kusahihisha hilo: unatafuta tukio moja lililonaswa na kamera zote mbili, unasogeza muda wa picha zote za kamera moja kwa tofauti hiyo, basi. Ila ni rahisi zaidi kuzilinganisha saa asubuhi ya harusi kwa kutumia simu, na sasa ndivyo inavyofanyika wakiwa ndani ya gari.

Jambo la pili ni mizani ya nyeupe, ile inayoiambia kamera nyeupe ni ipi. Wote wawili walikuwa wameiacha ijipange yenyewe. Matokeo yake, picha tatu za mfululizo zilizopigwa mahali pamoja zinatoka na rangi tatu, kwa kuwa kwenye moja gomesi (vazi la kike la Uganda) ya njano imejaza fremu na kwenye nyingine haimo. Kwenye faili ghafi hilo halina madhara ya kudumu, rangi hubadilishwa baadaye bila hasara. Madhara yake ni ya muda: huwezi kusahihisha moja na kuzinakilishia zote, maana kila moja imekosea kwa njia yake. Sasa wanafunga kelvini, kipimo cha rangi ya mwanga, kwa mkono: karibu 5,500 juani, karibu 3,200 kwenye taa za zamani za njano, na kila wakibadilisha mahali wanapiga fremu moja ya kadi ya kijivu, ya kupimia rangi baadaye, kwa kila kamera. Fremu hiyo ndiyo itakayofanya kazi Jumatatu.

Hapa niweke neno la pembeni kuhusu mahema. Harusi zetu nyingi huketisha watu chini ya hema la rangi, na jua la saa nane likipita kwenye kitambaa cha buluu kila mgeni anaonekana mgonjwa. Hakuna preseti, yaani marekebisho yaliyohifadhiwa tayari, inayotibu hilo kwa mbofyo mmoja, kwa kuwa nusu ya uso inapata mwanga wa hema na nusu inapata jua la pembeni. Dawa ni kumtoa mtu nje ya hema kwa picha zilizo muhimu, na zile za mezani uzikubali zilivyo baada ya kupunguza buluu.

La tatu ni mwangaza wenyewe. D750 ina sifa ya kustahimili kuinuliwa vivuli. 6D Mark II, tangu ilipotoka mwaka 2017, inajulikana kwa kutoa chengachenga vivuli vikiinuliwa sana. Kwa hiyo msaidizi hawezi kupiga giza kwa makusudi ili kulinda gauni jeupe kama anavyofanya fundi. Lazima aupe uso mwanga wa kutosha hapo hapo. Tena histogramu, yaani grafu ya mwanga wa picha, ya kwenye kioo cha kamera huchorwa kutokana na JPEG, si kutokana na data ghafi, kwa hiyo gauni likianza kumetameta kwenye kioo, onyo kwamba weupe umezidi, mara nyingi bado kuna nafasi ndogo ya kulirudisha. Ndogo, nimesema.

Kuingiza bila haraka

Vitu vitatu vilinunuliwa: kisomaji cha kadi cha USB 3.0, SSD (diski ya kasi isiyozunguka) ya ndani ya gigabaiti 500 mahali pa ile diski ya kuzunguka, na betri mpya. Vyote pamoja havikufika robo ya mkopo uliokuwa unaombwa. Kwa kadi za kawaida za aina ya UHS-I, ambazo ukomo wa mfumo wake ni megabaiti 104 kwa sekunde, zile dakika 50 zimeshuka hadi chini ya 20.

Folda sasa zinaanza na mwaka, mwezi, siku, kisha aina ya shughuli na jina la ukoo. Mafaili yanabadilishwa majina wakati wa kuingia: tarehe, herufi ya kamera, namba. Kompyuta ikipanga kwa alfabeti, inapanga kwa tarehe bila kuambiwa, na picha mbili haziwezi tena kuwa na jina moja.

Harusi inayofanyiwa kazi inakaa kwenye SSD, pamoja na katalogi ya Lightroom, faili linalotunza orodha ya picha na marekebisho yake. Diski ya nje inapokea nakala ya pili ya mafaili wakati huo huo wa kuingiza. Lightroom ina kisanduku cha kazi hiyo. Kadi haifutwi mpaka nakala mbili ziwepo na msaidizi awe amelinganisha idadi ya mafaili, akafungua machache ya mwanzo, ya kati na ya mwisho. Kadi inafutwa ndani ya kamera, haifutwi kwenye kompyuta. D750 ina nafasi mbili za kadi, kwa hiyo upande wa fundi nakala ya pili inaanza kuzaliwa wakati padri bado anahubiri. Canon ina nafasi moja, na hilo linanipa wasiwasi mpaka leo.

Kuchambua

Hapa ndipo muda mwingi uliporudi, na hapakuhitaji kununua chochote.

Ndani ya kila NEF na CR2 kuna JPEG ambayo kamera yenyewe iliitengeneza wakati wa kupiga. Ndiyo unayoiona kwenye kioo cha kamera. Programu kama Photo Mechanic zimejijengea jina kwa wapiga picha wa habari kwa sababu zinaonyesha JPEG hiyo tu, bila kusumbuka kulipika faili ghafi upya. Picha zinapita kwa kasi ya kidole. FastRawViewer inafaa kwa kazi hiyo hiyo na huonyesha pia histogramu ya data ghafi. Asiye na pesa ana darktable, ambayo ni bure kabisa na imekuwepo tangu 2009. Fundi ameizoea Lightroom, na sikuona sababu ya kumhamisha. Wakati wa kuingiza kuna chaguo la aina ya picha za kutazamia; badala ya zile za ukubwa kamili, tulichagua Embedded & Sidecar, ambalo linatumia ile JPEG ya ndani. Zile sekunde mbili zikatoweka, na laptopu ile ile iliyokuwa "imechoka" ikaamka.

Kisha sheria ya mzunguko wa kwanza: swali moja tu. Inabaki? Kitufe cha P kwa inayobaki, na Caps Lock ikiwa imewashwa programu inaruka yenyewe kwenda inayofuata. Isiyobaki inapitwa tu kwa mshale. Tuliamua kuchagua zilizo nzuri, tusihangaike kuzitia alama zilizo mbaya, kwa kuwa katika harusi mbaya na za kurudia ni nyingi kuliko nzuri na kidole kinachoka bure. Kukuza picha ni marufuku katika mzunguko huu. Kuhariri ni marufuku zaidi. Fundi aliteseka. Mkono ulikuwa unakwenda wenyewe kwenye kitufe cha D, kile cha kufungua chumba cha kuhariri, hadi msaidizi akakibandikia karatasi.

Mzunguko wa pili unagusa zilizobaki peke yake. Hapo zinazofanana zinawekwa kwenye kioo kimoja kwa kitufe cha N na kushindanishwa. Hapo ndipo unakuza kutazama macho. Inayoshinda inapata nyota. Nyota, kwa sababu huandikwa kwenye faili dogo la XMP linalokaa kando ya faili ghafi, pamoja na marekebisho yote, ikiwa umeiagiza Lightroom ifanye hivyo. Katalogi ikiharibika siku moja kwa umeme, kazi haijapotea yote.

Hilo ndilo upande wa ufundi. Upande wa pili mashine haiujui. Kuna programu siku hizi zinazochambua zenyewe kwa akili mnemba. Msaidizi alijaribu moja ya kipindi cha majaribio bila malipo. Ilifanya vizuri kwenye picha za densi. Ilipofika kanisani ilikataa karibu kila picha ya maombi, kwa kuwa watu wote wamefumba macho. Ilitupa pia picha ya bibi mzaa mama aliyeletwa kwa kiti cha magurudumu, kwa kuwa ilikuwa na ukungu kidogo. Ilikuwa picha pekee ya bibi huyo siku nzima. Picha hiyo inakwenda kwenye albamu hata kama ina ukungu wa Mlima Elgon, na asiyejua hivyo asipige harusi za watu.

Kwa hiyo kabla ya harusi sasa fundi anaomba kwa familia orodha fupi: wazee ambao lazima waonekane, shangazi anayemkabidhi bibi harusi, msemaji wa kila upande ikiwa ni kwanjula, mgeni aliyesafiri kutoka mbali. Msaidizi anakaa na orodha hiyo wakati wa kuchambua. Swali la "inabaki?" likawa na majibu ya haraka, kwa sababu sasa kuna kitu cha kulipimia. Picha 3,000 zinashuka hadi kama 900 kwenye mzunguko wa kwanza, na hadi kati ya 400 na 500 kwenye wa pili.

Tuligundua na faida nyingine ambayo sikuitarajia. Kuchambua kwa JPEG za ndani hakuchoshi kompyuta, kwa hiyo betri mpya inakaa muda mrefu. Umeme ukikatika, ndio wakati wa kuchambua. Ukirudi, ndio wakati wa kutoa JPEG za mwisho. Zamani giza lilikuwa likizo.

Kuhariri kwa mwanga

Fundi alikuwa anahariri kwa kufuata saa: asubuhi, kanisani, mchana, usiku. Tulibadilisha tukapanga kwa aina ya mwanga. Nyumbani dirishani ni kundi moja. Ndani ya kanisa ni jingine. Juani, chini ya hema, ukumbini taa zikiwa nyeupe, ukumbini fundi wa muziki akiwa amewasha taa za zambarau: kila moja kundi lake, na kila kundi linagawanywa mara mbili, Nikon na Canon.

Kwa kila kundi kuna picha moja ya nguzo. Unaanza na ile ya kadi ya kijivu kuweka rangi, kisha unachukua picha yenye uso, unaweka mwangaza na utofauti mpaka uridhike, halafu unazinakilishia nyingine zote za kundi. Hapo kazi ya mikono inakuwa ni kupita na kurekebisha mwangaza kwa zile chache zilizopishana, na kukata pembeni. Rangi za Canon na Nikon hazitalingana kikamilifu kwa njia hii. Nyekundu ya Canon inabaki na joto lake. Ila zikikaa ukurasa mmoja wa albamu, mteja haoni, na mimi mwenyewe nahitaji kuambiwa ipi ni ipi.

Kuhusu ngozi nina ugomvi. Preseti ya zamani ya fundi ilikuwa inainua mwangaza wa rangi ya chungwa ili watu watoke weupe kidogo. Alisema wateja wanapenda. Tulichapa picha mbili za bwana harusi mmoja, moja na preseti na nyingine bila, tukaziweka mezani dukani bila maelezo. Kila aliyemjua kijana huyo aliuliza ile ya kwanza ni ya nani. Preseti imefutwa.

Taa za zambarau nazo zina kikomo. Mwanga wa LED wa rangi moja hauna rangi nyingine ndani yake ya kurudisha, kwa hiyo huwezi kuleta ngozi ya kawaida kutoka pale ambapo haikurekodiwa. Picha hizo zinageuzwa nyeusi na nyeupe au zinaachwa zambarau, na mjadala unaisha.

Kusafisha uso, kuondoa waya, kulainisha mikunjo: hayo ni ya picha za albamu peke yake, kama 60 hivi. Nyingine zinapata mwanga na rangi sahihi tu. Kuondoa chengachenga kwa akili mnemba, ambako Lightroom ilikuleta Aprili 2023, kunatumika kwa picha za kuhesabu vidole. Kwenye laptopu isiyo na kadi ya michoro (GPU) ya maana, faili moja linachukua dakika kadhaa.

Kukabidhi, na bei ya bando

Picha kamili ya D750 ina pikseli 6,016 kwa 4,016, inayotosha kuchapwa inchi 20 kwa 13 kwa pikseli 300 kwa kila inchi. Mteja wa Busia hahitaji hilo kwenye simu. Studio ilikuwa inapakia mtandaoni picha zote za ukubwa kamili: 500 kwa megabaiti 8 ni gigabaiti 4, na kwa bando la Uganda, ambalo tangu Julai 2021 lina kodi ya asilimia 12 juu yake, faida ya harusi ilikuwa inayeyuka hewani. Sasa zinatoka seti mbili. Ya kuchapa inakwenda kwenye flashi, mkononi mwa mteja. Ya simu ina pikseli 2,048 upande mrefu, na zote 500 hazifiki megabaiti 400. Jumapili jioni familia inapata kumi na tano za kwanza kwenye WhatsApp, zikitumwa kama hati. Zikitumwa kama picha za kawaida programu huzibana, kisha fundi anaambiwa kamera yake ni mbovu.

Hizo kumi na tano zilipunguza kelele kuliko kitu kingine chochote. Shangazi akishaona picha moja nzuri ya binti, anaweza kungoja.

Yasiyokaa sawa bado

Harusi iliyofuata ilikabidhiwa ndani ya wiki moja na siku chache, na ile ya miezi miwili ilitoka pia, japo kwa kulala saa chache. Sitasema kila kitu kimenyooka. Diski ya terabaiti moja inajazwa na harusi kumi na moja zikiwekwa nzima. Wakitupa zisizochaguliwa zinaingia zaidi ya thelathini, lakini fundi anaogopa kutupa. Nilimkumbusha kwamba Sheria ya Uganda ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019 haimpendelei anayekaa na sura za watu bila sababu wala kikomo. Tumekubaliana mwaka mmoja kwa zilizoachwa. Nadhani ni mrefu.

Nakala zote mbili pia zinalala chumba kimoja. Mwizi mmoja anazichukua zote. Msaidizi ameanza kwenda na diski ya pili nyumbani kila Ijumaa, akikumbuka.

Na kuna wateja wanaotaka "zote, hata mbaya". Kuwanyima kunaleta ugomvi, kuwapa kunarudisha kazi ya wiki tatu. Mkataba mpya una kipengele chake: picha 400, zimechaguliwa na studio. Anayetaka zaidi anapewa zilizobaki baada ya mzunguko wa kwanza zikiwa ndogo, hazijahaririwa, kila moja na namba yake. Ana siku kumi na nne za kuleta namba anazotaka, na kila ya ziada ina bei. Mteja wa kwanza kupewa karatasi hiyo alikuwa mwanajeshi mstaafu wa upande wa Tororo. Aliisoma yote, akaomba kalamu, akaleta namba tatu.